Utepe Usio na Kichwa

Katika uchochoro ule hapakuwa na mtu ambaye Bi Futi hakukijua kiuno chake. Alijua nani amenenepa tangu apandishwe cheo, nani amekonda tangu mkewe arudi kwa mama yake, na bwana yupi huvuta tumbo ndani akipimwa ili namba ipungue. Yote hayo aliyajua, na hakuna hata moja lililowahi kupita mdomoni mwake. Kiuno cha mtu, kwake, kilikuwa siri kama barua iliyofungwa.

Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na minne. Jina la Futi alipewa na wateja kwa sababu ya utepe wa kupimia ulioning'inia shingoni mwake asubuhi hadi jioni, hata akienda msibani. Na utepe wenyewe ulikuwa na kasoro. Miaka kumi na moja nyuma, kibati cha kwenye ncha kilichomoka, na ncha ikaanza kuchanika nyuzi nyuzi. Bi Futi hakuwa mtu wa kuonekana na kitu kilichochanika. Alichukua mkasi akaukata penye mstari wa sita, sawasawa, na maisha yakaendelea. Utepe wa sentimita mia moja na hamsini ukabaki na mia moja arobaini na nne, na namba ya kwanza juu yake ikawa saba. Tangu hapo, kila akipima, alisoma namba kisha akatoa sita kichwani, haraka kuliko kupepesa jicho. Wanafunzi wake walifundishwa hilo kabla hata ya kushika sindano. "Toa sita," aliwaambia, na asiyetoa sita alifumua mshono wake mwenyewe.

Watu walimuuliza kwa nini asinunue mwingine. Alijibu kwamba huu umeshazoea miili ya mtaa mzima, na mpya utaanza kuuliza maswali.

Alipoletwa pale akiwa bibi harusi, cherehani yake ilishushwa na lori mlangoni kabisa. Wakati huo palikuwa na nyumba nne na nyasi nyingi. Kisha jiji likaanza kuja. Wala halikuja kwa kishindo. Lilikuja hatua moja moja. Huyu aliongeza chumba cha mpangaji, yule akasogeza jiko mbele, mwingine akaona choo kitapendeza kikikaa pale penye njia. Kila mtu alikata kipande kidogo tu cha njia, na kila mtu alishangaa njia imekwenda wapi. Ilipofika mwaka ule tunaousimulia, palikuwa na nyumba zaidi ya sitini, na mlango uliopokea lori ulikuwa haupokei hata mkokoteni. Katikati ya uchochoro ulipita mtaro wa wazi, na wapitanjia walitembea kwa kutanua miguu, mguu huku na mguu kule, wengine na ndoo kichwani.

Hayo yote Bi Futi angeyavumilia, maana miguu yake ilikuwa mizima. Aliyeumia ni mumewe. Bwana huyu alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa utani na makelele, hadi kiharusi kilipompiga upande mmoja na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Kiti kilipita vizuri kutoka kitandani hadi kibarazani. Kutoka kibarazani hakikwenda popote. Kibanda cha kinyozi, ambako rafiki zake walicheza drafti kwa vizibo vya chupa, kilikuwa pale njia panda, umbali wa nyumba kumi na moja. Miaka miwili hakufika. Alisikia vicheko vyao vikija na upepo, na kila vikija aliuliza, "Wanamcheka nani leo?" kisha akajifanya hataki jibu.

Penye ubaya zaidi palikuwa nyumba ya pili kutoka kwao. Hapo uchochoro ulibana ukabaki mita moja na kidogo, kwa sababu ya ukuta wa matofali ya maua uliochomoza mbele kama kitambi cha tajiri. Mwenye ukuta hakuwa mtu baki. Alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu Mkuu, kana kwamba shule imemfuata nyumbani. Alisomesha hesabu miaka thelathini na sita. Tangu afiwe na mkewe alivaa tai kila siku ya wiki, na mfukoni mwa shati alitembea na rula ya plastiki ya sentimita thelathini, sijui kwa kumpima nani.

Siku moja akaja msichana kutoka ofisi ya mipango ya jiji, mpima ardhi, na viatu vya mpira hadi magotini. Watu wakaanza kufunga milango, maana walizoea kwamba mtu wa jiji akija na karatasi, nyuma yake lipo tingatinga. Yeye akaketi kwenye benchi la kinyozi akaomba maji ya kunywa. Akasema jiji limechoka kubomoa watu wanaorudi kujenga mahali pabaya zaidi. Sasa mpango ni huu: wakazi wenyewe wakubaliane, kila nyumba itoe kidogo, njia ipate mita tatu kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakifanya hivyo, jiji litaleta mtaro wenye mifuniko, bomba la maji, taa, na njia ya zege ambayo gari la wagonjwa linaweza kuingia.

"Na pakipungua mahali pamoja?" akauliza kinyozi, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati kwa sababu yeye peke yake alikuwa na viti.

"Pakipungua mahali pamoja, hata kwa kidole, fungu linakwenda mtaa wa pili. Wao wameshamaliza kupima."

Hapo ndipo watu walipofungua milango. Kushindwa na mtaa wa pili hakuna aliyekubali.

Katika mkutano wapangaji nao waliitwa, jambo lililowakera baadhi ya wenye nyumba. Mmoja akanung'unika kwamba mpangaji hana ardhi ya kutoa, basi asiwe na mdomo wa kusemea. Msichana wa viatu vya mpira akamtazama kwa upole. "Mzee, mpangaji wako anapita njia hii mara nne kwa siku. Wewe unapita mwisho wa mwezi." Watu wakacheka mpaka benchi likayumba, na yule bwana akaomba maji na yeye.

Kazi ya kupima akapewa Bi Futi. Alichukua kamba ngumu, akaipima kwa utepe wake, toa sita, toa sita, akafunga fundo kila mwisho penye mita tatu kamili, na kwa kamba ile akapita nyumba hadi nyumba. Kila mtu aliona kwa macho yake anatoa nini. Jiko likarudi nyuma, choo kikahama kwa heshima, chumba kimoja cha mpangaji kikapunguzwa na mpangaji akahamishiwa chumba cha mbele chenye dirisha, jambo ambalo hakulilalamikia hata kidogo. Zikabaki siku kumi na nane kabla mpima hajarudi. Ukabaki ukuta mmoja.

"Huo ukuta niliujenga kwa mkono wangu," alisema Mwalimu Mkuu.

"Aliujenga fundi mwashi, kaka," mdogo wake akamjibu kutoka kwenye kiti. "Wewe ulimsimamia mpaka akaugua."

Uchochoro ulianza kunong'ona. Na kunong'ona kwenyewe hakukusema "Mwalimu Mkuu". Kulisema "ukoo ule". Bi Futi alisikia akiwa amejaza pini mdomoni. Yeye alikuwa binti wa karani wa mahakama, aliyefundishwa kwamba mwenye jina safi halipangishi kwa watu waliokaa benchi la kinyozi. Mumewe afungiwe ndani na ukuta, hilo lilikuwa chungu. Afungiwe na ukuta wa ndugu yake wa tumbo moja, na mtaa mzima ukose maji kwa ajili hiyo? Hapo hata yeye angekosa pa kuuweka uso.

Basi akamwendea shemeji yake jioni moja na kumvisha kilemba cha ukoka, tena akamkazia vizuri. Alimwambia kwamba siku ya mpima watakuja wakubwa kutoka jijini, na kamati inatafuta mtu wa kusoma hotuba ya wakazi, mtu msomi, mwenye sauti.

"Na wamemtaja nani?"

"Wanamtaja yule karani wa posta."

Mwalimu Mkuu akanyanyuka kitini. "Yule? Yule aliyefeli hesabu za sehemu mara mbili? Nilimfundisha mimi!"

"Ndiyo nashangaa, shemeji. Lakini wanasema msemaji wa njia hawezi kuwa mtu aliyeiziba."

Mwalimu Mkuu aliikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akakata kauli: ukuta utasogea. Ila kwa sharti moja. Atapima mwenyewe.

"Kamba yako inavutika, shemeji, usinielewe vibaya. Kamba si kipimo. Nipe kile chenye namba."

Jumamosi asubuhi, Bi Futi akiwa ndani anambadilisha mumewe shati, Mwalimu Mkuu aliuchukua utepe pale juu ya cherehani, kabla mwenyewe hajauvaa shingoni, akatoka. Uchochoro wote ulikuja kutazama. Akaweka ncha kwenye ukuta wa jirani wa upande wa pili, akauvuta hadi mwisho kupitia geti la ukuta wake lililoachwa wazi, akaweka alama. Akaanza tena penye alama, akauvuta hadi mwisho, akapiga kigingi. Bi Futi alipotokeza mlangoni, watu walikuwa wanapiga makofi.

"Utepe ni mita moja na nusu," shemeji yake alikuwa akiwaeleza, mkono mmoja kwenye tai. "Mara mbili, mita tatu. Hata mtoto wa darasa la pili!"

Bi Futi alishika mwimo wa mlango. Sita, na sita tena. Kigingi kilikuwa kimekaa sentimita kumi na mbili ndani ya njia.

Amsahihishe? Mnamjua mtu mwenyewe. Huyu ndiye aliyemnunia dada yake mwaka mzima kwa sababu dada alimrekebisha hesabu ya viti mbele ya wageni wa harusi, tena dada alikuwa sahihi. Akiambiwa sasa, mbele ya watu wote hawa na makofi haya, atang'oa kigingi, atarudi ndani, na ukuta wa maua utabaki pale mpaka siku ya kiyama. Wala si hilo tu. Mtaa utapata kichekesho cha miaka kumi: bingwa wa hesabu aliyeshindwa na utepe wa cherehani.

Naye akapiga makofi.

"Mwambie kwa faragha," mumewe alimshauri walipoingia ndani.

"Mwambie wewe. Ni ndugu yako."

"Mimi? Sina miguu ya kukimbilia."

"Atauliza kwa nini nilimwachia utepe mbovu."

"Kwani si mbovu?"

Bi Futi akamtazama mumewe kwa jicho ambalo wateja wazuri hawakuwahi kuliona. "Utepe wangu ni mzima. Ni yeye ambaye hakuuliza."

Kuhamisha kigingi kwa kificho hakukuwezekana. Mwalimu Mkuu alinyunyiza chokaa kwenye mstari wake, na kila asubuhi na kila jioni alikuja kuukagua kama mtu anayenywesha maua. Ukuta wa zamani ukaangushwa kufikia Jumatano. Kwa ule mpya akaletwa fundi mwashi yule yule, mzee mmoja aliyeitwa Bado, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila swali tangu ujana wake.

Mzee Bado hakuwa mjinga. Alhamisi, siku yake ya kwanza tu, aliichukua ile kamba yenye mafundo akailaza kutoka ukuta wa jirani, akakuna kichwa. "Mama, mbona kamba inanipitia mstari? Inaingia ndani kwa nusu shibiri hivi."

"Umemwambia mwenye nyumba?"

"Bado."

"Endelea hivyo hivyo. Na jenga polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Mzee wangu, kuchelewa umezaliwa nako. Mara hii kitumie kipaji chako kwa faida ya umma."

Mzee Bado alitabasamu kama mtu aliyepewa nishani. Alichimba msingi kwa siku tatu. Alichagua mawe moja moja, akayageuza, akayauliza hali. Bi Futi alimpelekea chai asubuhi na mchana, na kila alipomwona amekazana, alimwita aje ajaribishe shati.

Shauri likamjia Alhamisi ile ile, Mwalimu Mkuu alipoingia chumba cha cherehani na kitambaa cha buluu iliyoiva, kimekunjwa kwenye karatasi.

"Nataka koti la hotuba, shemeji. Koti la maana. Liwe tayari Jumanne, nipate muda wa kulizoea."

Chumba kilikuwa kidogo: cherehani dirishani, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kiti cha mumewe kikiwa kimebanwa kati ya meza na mlango. Bi Futi aliutoa utepe shingoni, akausogeza mbele, kisha akasita kwa adabu nyingi.

"Shemeji, baada ya kazi niliyoiona Jumamosi, mimi naona haya kukupima. Jipime mwenyewe. Ndugu yako atakushikia ncha. Andika namba, nami nitazifuata kama zilivyo."

Mumewe akakohoa. Alipokohoa mara ya pili alilazimika kugeuza uso ukutani.

"Una nini wewe?" kaka yake akamuuliza.

"Vumbi la ukuta wako."

Wakapima. Mdogo alishika ncha begani, mkubwa akanyoosha mkono na kusoma. Kifua, mia moja na nane. Mkono, sitini na sita. Urefu, themanini na mbili. Mabega, hamsini na mbili. Mwalimu Mkuu aliandika kila namba kwa mwandiko wa ubao, akapiga mstari chini, akatia sahihi. Alivyotoka, mumewe Bi Futi alicheka mpaka machozi yakamfika kidevuni, akashindwa kuyafuta kwa mkono mmoja, ikabidi mkewe amfute, naye mwenyewe anatetemeka kwa kicheko.

Kicheko kilikwisha alipoanza kukata. Bi Futi hakuwahi kutoa nguo ya kumwaibisha mtu. Mteja aliyeleta kitambaa kibaya alitoka amependeza, na mwenye bega moja chini alitoka mabega sawa. Sasa alikaa siku tatu nzima anashona kwa ustadi wote, mishono iliyonyooka, kola iliyolala, mifuko iliyokaa sawa, koti zuri la mtu ambaye hakuwepo duniani. Kila mkasi ulipopita nje ya mahali alipojua ndipo penyewe, meno yalimuuma. Alijifariji kwa jambo moja: koti kubwa hupunguzwa. Dogo ndilo halina dawa.

Jumanne mchana Mwalimu Mkuu alikuja kujaribisha. Nje, Mzee Bado alikuwa amepanga mistari mitatu ya matofali, makavu bila saruji, na alikuwa anautafakari wa nne.

Alivaa. Akajigeuza kwenye kioo. Mabega ya koti yalishuka kando kama paa lililolemewa. Mikono ilimeza viganja, zikabaki ncha za vidole. Kifuani palikuwa na nafasi ya kuweka mgeni.

"Shemeji," alisema taratibu, "umeniharibia."

"Nimefuata karatasi, shemeji. Hii hapa. Mwandiko wako, na sahihi yako."

"Huyu ni mtu wa namba gani? Hili ni koti la mlinzi wa usiku!"

"Na mlinzi mwenyewe," mdogo wake akaongeza, "anaweza kulala humo na mkewe."

"Wewe nyamaza." Mwalimu Mkuu alishika ncha ya mkono wa koti, akaikunja mpaka ikafika kifundoni. Akatoa rula mfukoni, akapima alichokunja. Sita. Akabana mgongo wa koti mpaka likamkaa, akapima kilichozidi. Sita. Akatazama karatasi, akatazama kioo. Ualimu ukaanza kumrudia usoni. Alionekana kama mtu aliyeona makosa yale yale kwenye madaftari mawili. "Haiwezekani pazidi sawasawa kila mahali. Mtu akikosea, hukosea ovyo. Hili si kosa la mkono. Nipe utepe."

Bi Futi akampa, kwa mikono miwili.

Aliulaza mezani, akalaza rula kando yake, ncha kwa ncha. Thelathini ya rula iliangukia thelathini na sita ya utepe. Akaukaribisha utepe machoni. Namba ya kwanza ilikuwa saba.

"Huu utepe hauna kichwa," alisema, kwa sauti ndogo sana.

"Ulikatika miaka kumi na moja iliyopita, shemeji. Wanafunzi wangu wote wanajua. Tunatoa sita."

Mwalimu Mkuu aligeuka polepole, koti likamfuata nyuma kidogo, akatazama dirishani. Kule nje Mzee Bado alikuwa ameinua tofali, analichungulia.

"Mara mbili," alisema Mwalimu Mkuu.

"Kumi na mbili," akasema mdogo wake, ambaye shuleni hakuwahi kumpa jibu sahihi hata moja.

Mzee yule alikaa juu ya kigoda cha wateja. Ndani ya lile koti alionekana mdogo, kama mtu aliyevaa nguo za baba yake. Bi Futi alihisi moyo ukimlegea. Kidogo amwombe radhi. Lakini shemeji yake alikuwa na swali moja tu.

"Nani mwingine anajua?"

"Anajua nini, shemeji?" Bi Futi akasogea, akaanza kumchomea pini begani. "Humu ndani tuko watu watatu wa nyumba moja, tunajaribisha koti. Limekaa kubwa. Makoti huwa hivyo kwenye jaribio la kwanza."

Shemeji yake alimtazama kupitia kioo. Labda aliona mengi. Hesabu alikuwa anaijua. Kisha akatikisa kichwa, akalivua koti kwa uangalifu wa pini, akachukua rula yake na kutoka.

Walimsikia kabla ya kumwona. Alikohoa kile kikohozi cha kuita gwaride, na uchochoro ukajaa.

"Ndugu zangu," alisema, "nimekuwa nikitafakari. Mita tatu ni kiwango cha anayetoa kwa sababu ameambiwa. Mimi sikuambiwa na mtu." Hapo mdogo wake kibarazani akainamisha kichwa. "Nimepiga hesabu nikaona kiti cha mgonjwa kikikutana na mkokoteni hapa penye ukuta wangu, patakuwa padogo. Kwa hiyo narudi nyuma." Akainama, akalaza rula juu ya ardhi kutoka mstari wa chokaa kuelekea nyumbani kwake, akachora mstari mpya. "Rula nzima. Mzee Bado!"

"Naam!"

"Umeshatia saruji?"

"Bado!"

Hakuna siku ambayo jibu lile lilishangiliwa vile. Makofi yalipigwa mpaka kuku wa jirani wakaruka uani. Kinyozi alimsogelea Bi Futi, akamnong'oneza: "Shemeji yako ni mtu mkubwa. Mimi nilidhani atatupunja."

"Sisi hatupunji," alijibu Bi Futi, pini mdomoni.

Ijumaa msichana wa viatu vya mpira alikuja na wakubwa wawili na kipimo cha chuma kinachojikunja chenyewe. Alipima nyumba hadi nyumba, na kila mahali alisema "tatu" na kuandika. Penye ukuta mpya alipima mara mbili. "Tatu na sentimita kumi na nane," alisema, akainua macho. "Nani aliwapimia uchochoro huu?"

Vidole vyote vikamwelekea Bi Futi. "Naomba nikione kipimo chako, mama," msichana alisema kwa furaha.

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama pale, ndani ya koti la buluu lililomkaa kama ngozi yake, maana lilipunguzwa sita kila mahali. Alipiga hatua mbele haraka kuliko umri wake. "Kipimo kimestaafu," alisema. "Kama mimi. Tuendelee na hotuba."

Hotuba ilikuwa ndefu. Tusizungumzie hotuba.

Mtaro ulichimbwa, mifuniko ikawekwa, zege likamwagwa na kukauka, na miezi minne baadaye mlango wa Bi Futi ukawa unapokea lori tena kama lipo la kupokelewa. Asubuhi njia ilipofunguliwa, yeye alikuwa amemtoa mumewe kibarazani na kiti chake, akaingia kutafuta viatu ili akisukume. Aliporudi hakukikuta. Kilikuwa njiani tayari, na nyuma yake alikuwa Mwalimu Mkuu na tai yake, anasukuma.

"Egemea nyuma."

"Usinifundishe kukaa, kaka. Nina uzoefu wa miaka miwili."

"Unaelemea upande mmoja."

"Upande mwingine umelala, usiuamshe."

Wakapita penye ukuta, pale palipozidi, na mbele yao akaja muuza maji na mkokoteni wake. Wakapishana bila hata kusalimiana viwiko. Mwalimu Mkuu alisimama kidogo, akatazama nyuma pale magurudumu yalipopita, akatazama ukuta wake, akasukuma tena. Bi Futi alibaki mlangoni akiwahesabia nyumba: nane, tisa, kumi, kumi na moja. Kisha vikaja vicheko kutoka njia panda, na mara hii alijua wanamcheka nani, maana sauti moja kati ya hizo ilikuwa ya mumewe.

Jioni shemeji yake alimletea kifurushi kidogo. Ndani mlikuwa na utepe mpya, mweupe, wenye kibati kila ncha na namba zote kuanzia moja. "Wa kwako, shemeji," alisema. "Tusije tukakosana tena na mtu."

Bi Futi alishukuru sana, akauvaa shingoni. Nguo ya kwanza aliyoishona kwa utepe ule ilikuwa suruali ya kinyozi. Alimpima, akasoma namba, na mkono wake wa miaka kumi na moja ukatoa sita kabla hajauzuia. Mwenyekiti wa kamati alifungua mkutano uliofuata vifundo vya miguu vikiwa nje, na mtaa mzima ukajua ana soksi za rangi mbili.

Siku hiyo hiyo Bi Futi aliuweka utepe mpya juu ya meza ya kukatia, akautazama vile ulivyong'aa, akachukua mkasi. Akaukata penye mstari wa sita, sawasawa.